Maji ya Udhu

Jumanne, 20 Januari 2026

Jua la Handeni halina adabu mwezi huu. Leo tumemaliza kupanda upande wa wanawake, nyuma ya msikiti: miti minane ya mikungu, ya kivuli, michongoma kando ya ukuta, ukoka katikati. Mashimo tumechimba mimi na jirani yangu Hafsa. Mbolea ya mbuzi imetoka kwangu. Kwenye kipaza sauti Mzee Hiza, mwenyekiti wa msikiti, katangaza: kamati imepanda miti. Kamati! Sikumwona hata mmoja na jembe.

Najua anachotaka. Anataka fremu za maduka pale — ukuta uvunjwe, milango itazame barabara. Kikao kimeamua: kabla ya Ramadhani wataangalia. Miti ikishika, bustani. Ikikauka, fremu. Na sisi wanawake tuendelee kuswali Idi juani, kama mwaka jana mama yangu alipoanguka katikati ya takbira, hata kivuli cha kumlaza hakuna.

Haitakauka.

Ijumaa, 23 Januari

Bomba la mtaa limetoa maji mara moja tu wiki hii. Nikaenda na ndoo kwenye tangi la msikiti, Mzee Hiza akanizuia. Maji ya tangi ni ya ibada. "Majani hayaswali, Mashavu."

Nikamwambia hayaswali lakini yanasujudu, imo kwenye Suratur Rahman. Wenzake wakacheka: Mama Mabomba kawa ustadhati.

Wacheke. Nilianza kuuza viungio vya bomba chini, juu ya gunia. Leo nina duka. Nimeshachekwa na midomo mikubwa kuliko hiyo.

Jumamosi, 24 Januari

Nimekaa dukani natazama mtaro unaotoka kule ndani wanaume wanapochukua udhu. Maji yote yanaishia barabarani, bata wa watu wanaoga.

Hesabu. Mtu mmoja hamwagi chini ya lita tatu. Magharibi wanakuja kama arobaini: lita mia na ishirini. Mkungu mchanga ukipewa lita kumi na tano kwa mkupuo, zikazama, unavumilia. Hii ya kunyunyiza-nyunyiza kila asubuhi inalowesha vumbi tu, mizizi inabaki juu juu. Minane mara kumi na tano — mia na ishirini. Magharibi peke yake inatosha mikungu yote. Swala zilizobaki ni za ukoka na michongoma.

Bomba la inchi mbili ninalo dukani.

Jumatano, 28 Januari

Limepita. Kutoka kwenye mtaro mpaka kwenye visahani tulivyochimba kuzunguka mashina. Mikungu imesimamisha majani. Ukoka umeanza kutambaa.

Muhsin, mfagiaji wa msikiti, anasema wazee wamenuna: maji ya wanaume yanaingiaje upande wa wanawake? Hafsa akamuuliza, kwani maji nayo yanataka maharimu wa kuyasindikiza? Muhsin kacheka mpaka kaweka ufagio chini.

Jumatatu, 2 Februari

Limezibwa. Saruji, imejazwa kwenye mdomo wa bomba. Maji yamerudi kwa bata. Mkungu wa pembeni umekunja majani, ukoka umekuwa rangi ya gunia.

Nimemwendea Mzee Hiza. Shikamoo nimempa, ni haki yake. Nikamuuliza nani kaziba. Kajibu kwamba mtaro ni wa msikiti, na kilichomo ni cha msikiti. Sikubishana. Sikulia pia, kama ndicho alichokuwa anasubiri.

Hafsa kasema: Ijumaa tusije na udhu kutoka nyumbani. Tuje nao kwenye birika.

Ijumaa, 6 Februari

Wamekuja hata ambao sikuwategemea. Kila mmoja na birika au kidumu, kachuchumaa kwenye kisahani chake. Bibi wawili wamegombea mkungu: huu wangu, wewe nenda kwenye majani huko. Mama kaletewa kigoda, kaosha mguu wa kulia taratibu kama hana safari nyingine duniani.

Mzee Hiza kachungulia, kaona vichwa wazi, kageuka haraka. Akasemea nyuma ya ukuta.

"Mnafanya nini huko?"

"Udhu, mzee."

"Nyumbani kwenu hakuna maji?"

"Yapo. Tumekuja nayo."

"Na alasiri?"

Hafsa akamwambia tutakuja. Na magharibi. Nani atamfukuza mtu kwenye udhu?

Baada ya swala Muhsin kaja dukani. Mzee anaomba tindo. Nikamuuliza: ya kuvunjia ile saruji ya bomba, au ya kuvunjia ukuta? Kasema hakuambiwa.

Nimempa. Kubwa, yenye makali.

Sasa hivi nasikia nyundo inagonga. Kutoka hapa dukani sijui ni upande gani. Alasiri imekaribia. Birika nimejaza, nafunga mlango.