Ng'ombe Aliyesubiri Basi

Shambani, nyumba ya mwisho kabla ya daraja.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu, mume mwenzangu,

U hali gani huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimeondoka, au bado kinakulipa kodi kifuani? Mimi ni mzima, ila magoti yananisengenya kila ninapoinuka. Marehemu bibi yako alipokuwa akikuita "mume wangu" mbele ya macho yangu, wivu ulinila. Sasa katuacha wagane wawili, ila wewe ulikuwa umeshaoa mwingine, msaliti mkubwa.

Huku ushirika wa wakulima umezua jambo. Kila Jumamosi basi linaleta watu wa mjini waone chakula kinakotoka. Wanaanza kwa jirani yangu mfuga kuku, yule Mzee Manyoya, kisha wanakuja kwangu. Mimi niliyeishia darasa la nne, leo nafundisha wahasibu! Mhasibu mmoja alikuwa anatafuta karanga juu ya majani. Nikamwacha atafute kidogo, Mungu anisamehe. Nilipong'oa shina akaziona zinaning'inia na udongo wake, alipiga magoti na suruali yake ya pasi, akachimba kwa mikono mpaka nikamwambia, "Baba, niachie mbegu."

Mwingine alikuwa msusi. Harufu ya samadi ilimrusha hatua tatu nyuma, lakini alipomshika chuchu Bi Mkubwa, ng'ombe wetu, maziwa yalitoka chwa, chwa! Vidole vya kuvuta nywele za watu hivyo. Nikamwambia, "Mwanangu, umekosea kazi." Akanijibu, "Na wewe babu, hizo ndevu nikusukie mistari mingapi?" Tulicheka mpaka Bi Mkubwa akageuka kututazama.

Sasa nisikilize, maana hili baba yako hajui. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri, na wageni hufika saa tano. Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimeshakamua. Wakatazama, wakapiga picha, robo saa wakaondoka. Ya pili nikamwacha na maziwa yake. Wakapanga foleni, kila mmoja akavuta, wakakaa saa nzima na nusu, wakaniuliza mpaka jina la mama yangu. Nikaona nimepata dawa. Majuma matano nilifanya hivyo. Bi Mkubwa alilia tangu kulipopambazuka, nami namwambia avumilie, wageni wako njiani.

Juma la sita kiwele kikavimba upande mmoja, cha moto kama sufuria, maziwa yakatoka na mabonge. Daktari wa mifugo akaniuliza, "Mzee, unamkamua saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Kila siku?"

Nikakohoa.

"Mzee, kiwele hakisemi uongo."

Nikamweleza yote. Amemtibu, lakini chuchu moja imekufa, haitatoa tena.

Katibu wa ushirika naye sikumficha. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba ziara sasa zitaishia kwa Manyoya. Ana haki. Jana nilisimama langoni na lile shati la harusi ya baba yako, nikijidai nakaza msumari. Basi likapita. Mkono mmoja ulinipungia dirishani, sikuona ni wa nani.

Siku hizi namkamua alfajiri, kwa saa yake. Chuchu tatu zinajaza nusu ndoo. Nachemsha, nanywa kikombe kimoja. Cha pili nakimimina kwa mazoea, halafu nakumbuka hakuna wa kukinywa.

Sikuombi viatu wala simu, mume mwenzangu. Ni miaka minne tangu mazishi ya bibi yako, na hujakanyaga hapa tena. Njoo ulale hapa, mkeka wako bado uko nyuma ya mlango. Ila ujue utaamka kabla ya jua ukamue. Ukilala sana sikungoji, na Bi Mkubwa hangoji mtu tena.

Nisalimie mkeo, mwambie simchukii, namwonea wivu tu. Nisalimie na watoto wako mapacha, wale ninaowajua kwa picha. Shangazi yako mshonaji anakusalimu, na Manyoya pia, ingawa sikumruhusu. Mola akulinde uendako, akulainishie njia ya kurudi.

Wako akupendaye hata ulipomnyang'anya mke,
Babu