Kauri ya Mguuni Imeshakauka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mwenye bahati kama yangu hajazaliwa bado, maana nilianguka kutoka ghorofani nikavunjika muundi, kipande cha mfupa kikasagika kabisa, na leo natembea bila gongo, majirani wamebaki midomo wazi. Daktari alilijaza lile pengo kwa chembechembe za kauri za kiwandani, akafunga na chuma, akasema mfupa utaota humo polepole, nisikanyage mpaka aniruhusu. Sasa mshauri, kauri nifundishwe na nani? Mimi ni fundi vigae, nimetandika mabafu ya wakubwa ambao hata wewe ungewapigia saluti, kigae ukikibandika leo kesho unakikanyaga, basi nami nikakanyaga. Tatizo ni mke wangu, kang'ang'ana nirudi hospitali eti mshono unatoa majimaji, nikamwambia mama watoto, hata kigae kipya hutoa maji pembeni, hakucheka, kamwita kaka yake aje na gari Jumamosi kunibeba. Nimfanyeje huyu mwanamke aniache niende zangu kazini?

Fundi Pima Maji

Fundi, pole kwa kuanguka, na pole nyingine mpelekee mkeo. Kigae hushikwa na gundi. Mfupa hauna gundi. Hiyo kauri ni jukwaa tu, anayejenga ni mfupa wako mwenyewe, taratibu, na wewe umemwangushia fundi jukwaa akiwa bado juu. Hayo majimaji usiyachekee. Huenda ni usaha, na usaha ukishaingia mfupani hauna utani na mtu. Halafu mke anayekesha na kidonda chako unamwita tatizo? Aibu, kaka yangu. Usingoje Jumamosi. Mpigie shemeji yako leo, huo mguu usiguse chini hata kwenda chooni, na ukifika kwa daktari sema wazi kwamba ulikanyaga, akufokee akimaliza akutibu. Nami nina swali moja: mtu anayetembea bila gongo, anabebwa ili iweje?

Kabla hatujachapa, tulimpigia fundi simu kumsomea jibu hili. Akasema shemeji yake ameshaitwa aje leo leo, yuko njiani.

"Nilikuwa naogopa wataukata mguu," akaongeza. "Nilikanyaga mara moja tu, kitu kikalia ndani, na tangu hapo sijainuka kitandani. Ile bahati ni uongo, mshauri. Sitembei."