Maneno ya Baba na Kompyuta ya Akiba

Nyeri,
14 Machi 1998

Kwako kaka yangu Mugendi,

Nakusalimu kwa moyo wote, ingawa barua yangu ya Krismasi hukuijibu. Nasikia kazi ya shamba la maua huko Timau haikupi nafasi hata ya kushika kalamu. Mkeo Mama Njoka hajambo? Watoto je? Sisi huku ni wazima, ila Mama analalamika magoti kwa sababu ya baridi.

Mvua hizi za El Niño zimeniletea kazi. Paa la ofisi yetu ya kupiga chapa lilivuja, disketi za wateja zikaota ukungu, nikaona lazima nitafute chombo cha kuhifadhi nakala za kazi zote. Yasin, yule fundi wa redio wa Majengo ambaye siku hizi anatengeneza kompyuta, alinieleza kwamba mashine ya kanda ni bei nafuu, lakini kutafuta kitu ndani yake ni kama kutafuta wimbo kwenye kaseti. Akasema bora kompyuta moja yenye diski kubwa ikae pembeni, zile tatu za wachapaji ziunganishwe nayo kwa waya. Nikachagua hiyo. Mama alipoiona aliuliza, ati mbona tunalipia stima kompyuta isiyoandika kitu.

Unakumbuka tulipokuwa na taipureta moja tu? Tukitoka shule tulikuwa tukigombania kengele yake, Baba akitufukuza kwa kofia. Nakala zilikuwa za karatasi ya kaboni, na Mama alikwenda kanisani Jumapili na vidole vya buluu. Nazitamani siku zile, kaka. Mwaka jana, kabla Baba hajatuacha, alikuwa akija alasiri, anaketi kwenye benchi la wateja na chai yake, ananisimulia maisha yake nami ninayapiga chapa kwenye kompyuta. Alinikataza katakata nisiyachape kwenye karatasi kabla wewe hujayasoma kwenye kioo cha kompyuta. Ulipokuja kumzika uliondoka siku ileile, sikupata nafasi ya kukuonyesha.

Sasa nina neno zito. Juma lililopita mchapaji wetu Monicah alihamishia kwenye kompyuta mpya kazi za disketi zilizonusurika. Maisha ya Baba yalihifadhiwa kwa jina lake, Moffat Njoka. Kadi ya kipaimara ya mwanao, niliyowachapia Desemba, nayo ilihifadhiwa kwa jina lake, Moffat Njoka. Ulimpa mtoto jina la babu yake kama mila inavyotaka, sikulaumu. Kompyuta ilimuuliza Monicah kama kazi mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani, akakubali. Nilipomkaripia alilia, akasema, "Si ni guka, yule babu, amerudi? Mi nilijua ni mtu mmoja." Na disketi alikuwa ameshazifuta ili tuzitumie tena. Yasin alihangaika kutwa nzima, hakupata hata mstari. Nilikasirika, nikacheka, kisha nikalia mpaka Mama akaja kunishika.

Mengi nimeyasahau. Lakini kuna kipande ambacho Baba alinirudisha nyuma tena na tena hadi akaridhika, na hicho ninacho kichwani. Alisema asubuhi ile mlipokosana ukaenda zako Timau, hakuwa ameenda shambani kama tulivyodhani. Alikuwa amesimama nyuma ya kiwanda cha kahawa, pale ulipopandia gari, na sweta lake mkononi, akitaka kukupa kwa sababu ya baridi ya huko, lakini kiburi kilimfunga miguu hadi gari likaondoka. Alisema kosa lilikuwa lake, si lako. Nilimuuliza kwa nini asikwandikie mwenyewe. Akanijibu kwamba mzee haandiki barua ya kumwomba mtoto msamaha, lakini mtoto akisoma maisha ya babake atajionea.

Ndiyo maana alitaka uyasome wewe kwanza, Mugendi. Sasa umeyasoma.

Msalimie sana Mama Njoka. Na huyo Njoka mdogo mwambie shangazi yake hana kinyongo naye. Njoo Pasaka, Mama anakungoja.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mukami