Hina Yangu Siisugui

Mjukuu wangu mpenzi Rukia,

Salamu tele kutoka Utange. Sote tu wazima, na Athman, mume wangu wa mwezi mmoja, kila asubuhi ananiamsha kwa kahawa ya tangawizi. Wallahi sikujua mapenzi yana utamu huu!

Umeniuliza kama ni kweli nimekataa vipimo vya afya vya kuhamia huko kwenu ng'ambo. Uongo mtupu! Tulikwenda hospitali kule Nyali, daktari kijana akanibana kidole kwa kidude cha kupimia hewa mwilini, akakunja uso.

"Mama, hewa yako ni kidogo mno. Mapafu yana shida."

"Mapafu ya huyu?" Athman akacheka. "Njia nzima hakunyamaza!"

Ni piko, ile hina nyeusi ya harusi niliyopakwa mpaka kwenye kucha, ndiyo iliyokizuia kile kidude kusoma. Nikamwomba akibane sikioni, pasipo na piko.

"Kasugue kwanza," akasema, "au nakuandika mgonjwa."

Nisugue! Nilipoolewa na babu yako nilikuwa msichana mdogo, nikatiwa hina bila kuulizwa, nikalia mpaka ikafutika. Hii nimeitaka mwenyewe, na mume nimemtaka mwenyewe. Niifute kwa kuwa daktari na shahada zake ameona uvivu kuinua mkono hadi sikioni?

Nitarudi kwake itakapofifia yenyewe, si kabla. Mtoto wako akizaliwa sijafika, mwambie bibi yake yuaja, anamalizia fungate.

Akupendaye sana,
Bibi Mwanaisha