Nilivyoitetea Cherehani Hadi Nikaikosa

Makongeni,
Thika.
17 Agosti 2025

Mpendwa Tata Maggie,

Hujambo? Joto la Lodwar linakuacha ulale siku hizi? Anko Dalmas yuko aje, na mguu wake ulipona? Sisi huku baridi ya Agosti haijaisha, lakini tunaamka. Ukipiga simu huwa nakosa la kusema, nawe unadhani nimekasirika. Sijakasirika, Tata, ni haya tu. Kuandika ninaweza. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: jana cherehani yetu ilikuwa karibu kurudi nyumbani, na mimi ndiye niliyeipoteza.

Pengine hujui hata kwamba iliuzwa. Kila ukipiga simu Mama husema kazi ya kushona inaenda. Haiendi. Alipolazwa mwezi wa pili, Marvin aliuza runinga na cherehani ili hospitali imruhusu atoke. Aliipeleka Ruiru ili majirani wasione. Naomba usimlaumu kaka yangu, hakuwa na mtu mzima wa kumuuliza. Ni ile uliyomnunulia Mama, dada yako, kwa mshahara wako wa kwanza.

Tangu atoke hospitalini, Mama anafulia watu nguo mtaa wa Section 9. Maji baridi na kifua chake havipatani, namsikia akikohoa hadi anashika ukuta. Shule zinakaribia kufunguliwa, na watu wanakuja mlangoni na sare za kurekebishwa. Anawaambia mashine iko kwa fundi.

Likizo ya Aprili nilichuma kahawa, na pesa zote nikaziweka. Nilijua duka lenyewe. Ni la mtu anayeitwa Gichuru, anauza vitu vilivyotumika: vitanda, friji, majiko. Nilikuwa nimepita hapo mara kadhaa nikijifanya naenda mahali pengine, na cherehani ilikuwa bado nje, kando ya rundo la viti. Bei nilikuwa naiogopa kuliko mtihani.

Kavata, ninayekaa naye dawati moja, alinifundisha. Mama yake anauza nguo za mitumba Githurai 45. Aliniambia niulize kwanza bei ya kitu nisichokitaka. Nisiseme nina pesa ngapi. Nitafute kasoro. Tukishindwana niondoke bila kugeuka, kwa sababu muuzaji anayetaka kuuza huita. "Na usikiangalie kile kitu kama unakipenda," akasema. "Wewe uso wako ni dirisha."

Basi jana nikaanza na pasi ya makaa. Gichuru aliisifu sana hiyo pasi, karibu niinunue. Ndipo nikauliza, kama mtu aliyekumbuka tu, "Na hiyo cherehani?"

"Hiyo ni elfu saba, wewe wa miwani."

"Elfu nne," nikasema. Sauti yangu haikutoka vizuri.

"Kwa elfu nne nikufungulie meza uende nayo, kichwa kibaki hapa?"

Vijana waliokuwa wakipakia kitanda walicheka. Nikasema mashine imekwama, nikakanyaga pedali aone. Hakubisha. Mwenyewe alikuwa ameshindwa nayo tangu Marvin alipoileta. Marvin hajawahi kuikalia, hajui kwamba gurudumu lake hurudishwa nyuma kidogo kwa mkono kabla ya kukanyaga. Gichuru akashuka hadi tano na nusu. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikaondoka. Nilikuwa nimefika kwa muuza miwa alipoita.

"Rudi, rudi, mwalimu. Leta tano tumalize."

Tata, elfu tano nilikuwa nazo. Nilirudi, nikazitoa kwenye soksi.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka Kalimoni, Mama Njau, aliyekuwa akichagua viti. Alinihurumia. "Haiya, msichana, weka pesa zako. Unauziwa chuma. Hiyo mashine ilikufa kitambo."

Ningenyamaza tu. Pesa zilikuwa mkononi mwangu, mkono wa Gichuru ulikuwa umeshanyooshwa. Lakini nilisikia kama amesema hivyo juu ya Mama. Nikasema, "Haijafa." Nikakaa, nikarudisha gurudumu, nikakanyaga. Ikaenda. Ilikuwa na ule mlio wake, unaukumbuka.

Gichuru aliurudisha mkono wake mfukoni.

"Hiyo sasa si ya elfu tano," akasema.

"Lakini tulikuwa tumeelewana," nikamwambia.

"Tulielewana juu ya mashine mbovu. Hii nimeiona leo."

Mama Njau akasema elfu nane, bila hata kutafuta kasoro. Mimi sikuwa na kitu cha kuongeza juu. Nilijaribu kusema ilikuwa ya mama yangu, ila niliisema chini mno, na nadhani hakuna aliyesikia. Kama walisikia, haikubadilisha bei.

Tafadhali usitume pesa ukisoma haya. Najua una karo za watoto, na kwa bei za sasa hatutapata nyingine. Usimwulize Mama pia, anaona aibu kwako. Nilitaka tu ujue kwa nini sikuongea siku ile ulipoomba niiweke simu karibu na cherehani usikie ikishona.

Marvin anakusalimu, na Mama angekusalimu kama angejua naandika. Msalimie Anko Dalmas na watoto. Mungu akae nanyi hapo mlipo.

Jana Mama Njau alipokwisha kulipa, nilimwonyesha jinsi ya kurudisha gurudumu, akajaribu mpaka akaweza. Nikashika meza wakati wakiifunga kwenye pikipiki. Kwenye droo kulikuwa na utepe wa Mama wa kupimia, nikauomba. Gichuru akasema ni shilingi mia. Sikubishana. Nikalipa, nikaja nyumbani, nikamsaidia Mama kuanika nguo za watu.

Wako akupendaye,
Beth