Vitundu Vinne, Siku Nne

Mdogo wangu kipenzi,

Huku hatujambo. Paa limezibwa, paka kazalia juu ya mashati ya shemeji yako, na mimi nimetolewa kile kifuko cha nyongo, salama.

Umeuliza upasuaji wa vitundu ukoje, maana nawe umepangiwa. Kupasuliwa si shida. Shida ni kurudi nyumbani. Mwaka juzi wifi alipasuliwa tumbo zima, akakaa miezi miwili akiletewa chai kitandani. Mimi, mama mkwe alinifunua, akahesabu vitundu vinne, akanipa siku nne! Niliposema bega linauma, shemeji yako akacheka: "Wamekukata tumbo, bega linaingiaje hapo?" Nikamweleza kuwa ni ile hewa wanayokujaza tumboni ili waone vizuri, na daktari kasema itaisha yenyewe. Akasema mimi na visingizio ni chanda na pete.

Daktari alinikataza kubeba kitu kizito wiki sita. Siku ya tano nikakuta ndoo zote tupu, na watu wazima watatu wamekaa wananitazama. Nikabeba. Sasa kwenye kitovu pana uvimbe kama limau, unatokeza nikikohoa. Kesho narudi hospitali. Hapa nimesema naenda sokoni.

Wewe ukiruhusiwa, mwombe nesi akuzungushie bandeji kutoka kifuani hadi kiunoni. Atakwambia vidonda vyako haviihitaji. Mwambie ni ya watu wa nyumbani.

Ni mimi, dada yako