Jina la Dorika kwa Ncha ya Ulimi

Lulindi,
Jumatano asubuhi.

Mdogo wangu Oliva,

Marahaba, maana najua ukiifungua tu barua hii utaniamkia. Hamjambo hapo Makote? Shemeji anaendeleaje na mguu wake? Sisi huku tunaamka. Mikorosho imezaa vizuri, na wifi yako anaanika makopa ya muhogo uani.

Unakumbuka Dorika alipokwenda Israeli kujifunza kilimo, alivyonicheka kwenye simu. Nimewafundisha makasisi Kiebrania miaka mingi, kumbe nasema kama mtu anayesoma Torati sinagogini. Akaniambia kwamba nikiagiza mkate namna ile, muuzaji atavua kofia. Sokoni r wanaikwaruza kooni, na h mara nyingi wanaimeza. R ya ncha ya ulimi, kama yetu, mtu huisikia kwa baadhi ya wazee, au kwa msomaji aliyesimama mbele ya watu kwenye shughuli nzito. Nililipenda sana somo lile.

Juzi wenzake wa shambani waliniletea sauti kwenye simu. Mwanamume anasoma polepole, kila h anaitoa, kisha anataja jina la mtoto wetu kwa r inayotetemeka. Mama Dorika akaja mbio na unga mikononi. Akasema leo ndiyo wanaongea kama watu, hata jina wamelipatia, bila shaka mwanawe anapewa cheti. Akataka niirudie. Nikairudia. Akamwita Mama Stamili, jirani, naye asikie. Huyo, aliyewahi kuwasikia wakimwita Dorika kwenye simu, akauliza mbona r imebadilika, nami nikawaeleza, Oliva. Nikaeleza usemi wa sokoni na usemi wa shughuli, nikaeleza h, nikaeleza mpaka chai ikapoa. Ndani yangu sikusikia kitu.

Msimamizi wake alikuwa ameshanipigia asubuhi ile. Trekta lilipinduka likamwangukia Dorika. Sauti ile ni ya ibada ya kumuaga. Jeneza litafika Masasi Jumamosi.

Wifi yako hajui. Tangu juzi anaiga r ile akitwanga, anacheka peke yake.

Simu angeisikia, ndiyo maana nimempa Godwin wa bodaboda barua. Panda pikipiki yake mje pamoja. Wewe ndiye shangazi, mwambie wewe. Ukifika usiningoje nianze, maana nikifungua mdomo nitaeleza tena.

Wasalimie wote hapo, ila usiwaambie kwanza.

Ni mimi kaka yako,
Christopher